Shahidi wa Chokaa

Kaka yangu mdogo ana mguu mmoja mfupi kuliko wa pili. Tofauti yake ni upana wa vidole viwili, na tangu utotoni kila kiatu chake cha kushoto hupita kwanza kwa fundi kikaongezwe soli. Mguu huo aliupatia katika gofu lililokuwa ubavuni mwa nyumba yetu, Malindi, Unguja, mwaka 1978, siku ambayo upepo wa kusi ulikuwa ukivuma vizuri na watoto wa mtaa mzima walikuwa juu ya mapaa wakirusha tiara.

Mimi nilikuwa na miaka 12, yeye 9. Tiara yake ilikatika uzi ikaenda kunasa kwenye mkuyu mdogo ulioota juu ya ukuta wa gofu lile. Mlango haukuwepo. Ule wa kuchonga, wenye misumari ya shaba, ulikuwa umeng'olewa zamani, na mahali pake palibaki tundu refu jeusi ambalo mbuzi waliingia na kutoka wapendavyo. Ngazi ilikuwa ya mawe, nzima. Akapanda. Nilimwona kwa macho yangu akitokeza ghorofani na kuanza kuvuka chumba kuelekea dirishani, na sakafu aliyoikanyaga ilikuwa laini na nyeupe, haina hata ufa. Kisha hakuwepo. Sauti niliyoisikia haikuwa kishindo. Ilikuwa kama gunia la mchele linalomwagwa, tena kwa muda mrefu.

Alivunjika paja. Waliomtoa ni wachukuzi wa bandarini waliokuwa wamekaa barazani petu wakila chakula cha mchana. Walimlaza juu ya ubao wa kitanda wakambeba hadi hospitali. Baba alikuja kutoka kazini akiwa na chokaa mpaka viwikoni. Alipokwisha kumwona mwanawe, kabla hata hajanawa, alirudi kwenye lile gofu akasimama mbele ya ukuta wa uchochoroni. Nilimfuata nyuma. Aliweka kiganja juu ya ufa, akakaa kimya, halafu akasema, "Shahidi keshasema."

Baba alikuwa mwashi, fundi wa chokaa kama baba yake. Palipotokea ufa katika ukuta, walikuwa na desturi ya kubandika juu yake kiraka chembamba cha chokaa, ukubwa wa kiganja, na kabla hakijakauka huandika tarehe kwa ncha ya msumari. Ukuta ukitulia, kiraka kinabaki kizima. Ukiwa unatembea, kiraka hupasuka, na upana wa mpasuko hukwambia ukuta umekwenda kiasi gani tangu siku ile. Kiraka hicho walikiita shahidi. Katika ukuta wa gofu lile kulikuwa na mashahidi watatu wa mkono wa baba: wa 1974, wa 1975 na wa 1977. Wote walikuwa wamepasuka.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31, na kwa miaka yote hiyo, kila faili la madai ya fidia lililopita mezani pangu lilinirudisha katika uchochoro ule. Kila anayejua Kiswahili anaijua methali ya ufa na ukuta: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali inasema na mtu mmoja, inamwambia wewe. Lakini wewe nani? Baba aliuona ufa, akaushuhudia, akauandikia tarehe mara tatu, na haukuwa wake. Ulikuwa wa nani?

Nyumba ya Mji Mkongwe haifi siku moja. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, nene kiasi cha mkono kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole au zaidi. Sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka Rufiji, na kwa kuwa boriti ya mkoko haipatikani ndefu, vyumba vyetu navyo vikawa vyembamba, upana wa mita 3 hivi. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha chokaa inayopigwa kwa magongo siku nyingi hadi inakuwa kama jiwe moja. Babu alisimulia kwamba watu walikuwa wakiimba wanapoipiga, wanawake kwa wanaume, ili mapigo yasipishane.

Uzuri wake ndio ugonjwa wake. Chokaa inapumua: ikinywa maji, jua likitoka huyatoa. Inataka kupakwa upya kila baada ya misimu, na paa linataka mtu wa kupanda juu kabla ya masika akazibue milizamu, yaani mabomba ya kutolea maji ya paa. Nyumba ikikosa mtu huyo, maji huingia kwanza pembeni mwa paa, yakashuka ndani ya ukuta hadi kwenye vichwa vya boriti, pale vilipochomekwa ndani ya mawe, pasipoonekana na mtu. Kichwa cha boriti huoza peke yake. Ukiitazama chini unaiona boriti nzima, nyeusi, ngumu. Ukiitazama juu unaiona sakafu nyeupe. Kilichooza ni kile kipande cha shubiri moja kilichomo ukutani. Siku inapokatika, sakafu inashuka, na kwa kuwa sakafu ndizo zilizokuwa zikizishika kuta zisitengane, kuta zinabaki kama mtu aliyenyang'anywa mkongojo. Hufanya tumbo. Kisha, usiku mmoja wa mvua, mtaa mzima unaamshwa.

Kaka yangu alikanyaga sakafu iliyokuwa katika hatua ya kwanza. Uchochoro wetu ulisubiri hatua ya pili kwa miaka sita mingine.

Baba hakungoja mwanawe aumie ndipo atafute mwenyewe wa nyumba. Baada ya shahidi wa 1975 kupasuka alikwenda kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiishi Mkunazini, mjukuu wa mfanyabiashara aliyeijenga nyumba ile mwishoni mwa karne ya 19. Alimpokea kwa heshima, akampa kahawa, akamwambia, "Mwanangu, nyumba hiyo si yetu tena. Imechukuliwa mwaka wa mapinduzi." Akaenda kwenye ofisi iliyokuwa ikishughulikia nyumba za serikali. Karani akafungua daftari, akatafuta, akamwambia kwamba ghorofa ya juu imo daftarini lakini ya chini haimo, kwa sababu ya chini ilikuwa wakfu. Akaenda kwa wanaosimamia wakfu. Wakamwambia kuwa nyumba yenye wapangaji wa serikali ni mzigo wa serikali. Wapangaji wenyewe, familia tatu zilizopewa vyumba baada ya 1964, walikuwa wamekwisha kuhama moja moja kadiri dari zilivyoanza kudondoka. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Alirudi akachanganya chokaa, akabandika shahidi wa tatu.

Ili kuelewa kwa nini milango yote ile ilifungwa, hapana budi kurudi nyuma.

Mji huu ulijengwa na watu waliokaa ndani ya nyumba zao. Mwenye nyumba alikuwa ghorofani, bidhaa zake chini, na jina lake likijulikana na kila mpita njia. Mvua ikishusha kipande cha ukingo wa paa, aliyepita hakuhitaji kuuliza wakili, alibisha hodi. Alipokufa mwenye nyumba, sheria ya mirathi iliigawa: mke thumni yake, binti sehemu moja, mwana sehemu mbili, na baada ya vizazi vitatu nyumba moja ilikuwa na wenyewe arobaini, mmoja akimiliki kiasi kisichojaza hata daka la mlangoni. Wengi waliepuka hilo kwa kuiweka nyumba wakfu, ama kwa msikiti, ama kwa maskini, ama kwa kizazi chao wenyewe, chini ya mutawali, yaani msimamizi wa wakfu. Mutawali mwema aliutunza wakfu kama mboni ya jicho lake. Lakini walikuwepo wengine pia, na mwaka 1905 utawala wa ulinzi wa Kiingereza uliunda kamisheni ya wakfu, na wakfu nyingi zikaingia mikononi mwa ofisi.

Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Ardhi ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na nyumba nyingi za waliokimbia au kufukuzwa zilitaifishwa. Walioingizwa humo walikuwa watu waliohitaji mahali pa kulala, wengi wao kutoka mashamba na Pemba, na siwezi kuwalaumu hata kidogo. Walipewa chumba, hawakupewa paa. Hakuna aliyewaambia kwamba kabla ya masika mtu hupanda juu kuzibua mlizamu, na hata wangeambiwa, paa lilikuwa la familia saba kwa pamoja, maana yake la hakuna. Kodi ilikuwa ndogo isiyotosha hata kununua chokaa. Hivyo katika kizazi kimoja mji wa mawe wenye nyumba elfu na mia kadhaa, ambao ulikuwa umezoea kila ukuta kuwa na jina, ukawa mji wa kuta zisizo na wa kuitwa.

Nilipoanza kazi mahakamani nilikuwa na shauku ya kijana: nilitaka kujua kama baba angeweza kushtaki. Mtu wa kwanza niliyemuuliza ni mjomba, ndugu yake mama, aliyekuwa akisomesha fiqhi. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Shafii, na kitabu kilichotegemewa kwetu kwa vizazi ni Minhaji at-Talibin cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Hata mahakimu wa Kizungu walikitumia; kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1914, na nakala ile ya zamani nimewahi kuishika. Mjomba alinisomesha mlango unaohusu dhamana, yaani wajibu wa kulipa fidia, jioni tatu, ukumbini kwake, mimi nikiandika.

Nilishangaa jinsi kitabu cha karne ya 13 kilivyoujua mji wangu. Kinazungumzia roshani inayotokeza juu ya njia: ruhusa kuijenga isipowadhuru wapitao, lakini ikianguka ikamuumiza mtu, mwenyewe analipa. Kinazungumzia mlizamu, bomba lile lile alilokuwa baba akilizibua. Ukiutokeza juu ya barabara, unachoharibu unakilipa. Na hapo wanavyuoni wakaingia ndani kwa umakini ulionigusa sana. Mlizamu una sehemu mbili, iliyochomekwa ukutani na iliyotokeza nje. Ikikatika ile ya nje tu ikamwangukia mtu, dhamana ni kamili. Ukianguka wote, na sehemu ya ndani pia, kwa kauli sahihi zaidi dhamana ni nusu, kwa sababu sehemu iliyokuwa ndani ya ukuta ilikuwa katika milki ya mtu, mahali alipokuwa na haki ya kuiweka. Kuna watu walikaa chini ya taa ya mafuta wakagawa bomba la maji kati ya haki ya mwenye nyumba na haki ya mpita njia. Walijali kiasi hicho.

Kuna na shimo. Anayechimba shimo njiani bila ruhusa analipia atakayetumbukia. Anayechimba katika milki yake halipi, ila kwa jambo moja: akiwa amechimba shimo katika ukumbi wa kuingilia nyumba yake kisha akamwita mtu ndani, mtu akatumbukia, basi kwa kauli yenye nguvu dhamana inamshika. Aliyekaribishwa amelindwa.

Tukafika kwenye ukuta. Mjomba alivua miwani. "Sikiliza vizuri," akaniambia, "kwa sababu hapa hutafurahi." Ukuta uliojengwa tangu mwanzo umeinamia njia, ukianguka mwenyewe analipa. Ukuta uliojengwa wima, kisha wenyewe ukainama na kuanguka, hapana dhamana. Hiyo ndiyo kauli tegemewa katika madhehebu yetu. Lakini Nawawi ameitaja na kauli ya pili, dhaifu kuliko ile, kwamba ikiwa mwenyewe aliweza kuubomoa au kuutengeneza na hakufanya, analipa.

"Na kina Hanafi?" nikauliza, kwa sababu nilijua mjomba haishii kwenye kitabu kimoja.

Akatabasamu. Kwa Hanafi swali zima ni onyo. Waosmani walipoikusanya sheria yao katika Majalla, kati ya 1869 na 1876, waliliweka katika kifungu cha 928: ukuta wa mtu ukianguka ukadhuru, halipi, isipokuwa kama alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba ukuta wake umeinama, auvunje, na ukapita muda ambao angeweza kuuvunja. Wanavyuoni wao walisisitiza kuweka mashahidi juu ya onyo hilo, na jambo hilo lina jina lake, ishhadi. Kumshuhudishia mwenye ukuta.

Nilinyamaza. Nilikuwa nikiona mkono wa baba na ule msumari. Hakuwahi kusoma Majalla. Alikuwa Mshafii aliyejua sala zake na Yasini. Lakini alichokuwa akikiandika juu ya ukuta ule mara tatu kilikuwa ishhadi, na kilichokosekana ni sikio la kukisikia. Mjomba alinielewa bila kuambiwa. "Onyo lina mwenye kuonya na mwenye kuonywa, mwanangu," alisema. "Baba yako alikuwa upande mmoja peke yake."

Upande wa sheria ya Kiingereza niliupata kazini, katika maktaba ndogo ya mahakama, saa za mapumziko. Iliingia Unguja ikiwa imekatwa kwa tarehe: kanuni za Uingereza kama zilivyokuwa mwaka 1897. Bara ilikuwa 1920. Sheria ya wakati ule ilimpima aliyeumia kwa namna alivyoingia. Mwaka 1866 mahakama za Uingereza ziliamua kesi ya fundi wa gesi, Indermaur, aliyeingia kiwanda cha sukari kikazi akatumbukia katika tundu la sakafuni lisilo na uzio; akalipwa, kwa sababu alikuwa ameingia kwa shughuli iliyomhusu mwenye kiwanda. Ukiuweka uamuzi huo kando ya ukumbi wa Nawawi wenye shimo, utadhani watu wale walikuwa wakiandikiana barua. Lakini aliyeingia bila kuitwa hakuwa na wa kumtetea. Mwaka 1929, katika kesi ya Addie, mtoto wa miaka 4 aliuawa na gurudumu la kuvutia makaa katika mgodi wa Scotland. Uzio ulikuwa mbovu, na ilijulikana kwamba watoto hucheza pale. Mabwana wa mahakama ya juu kabisa walisema mtoto yule alikuwa mvamizi, na mvamizi huingia kwa hatari yake mwenyewe.

Niliposoma maneno hayo nilikifunga kitabu, nikatoka nje. Mvamizi. Kaka yangu na tiara yake.

Miaka 43 baadaye walijirekebisha. Mwaka 1965 mtoto wa miaka 6, Herrington, alipita kwenye uzio wa reli uliokuwa umekanyagwa ukalala chini, akaungua vibaya kwenye njia ya umeme. Wiki kadhaa kabla ya hapo mkuu wa stesheni alikuwa ameambiwa kwamba watoto wanaonekana relini. Mwaka 1972 mahakama ile ile ilisema kwamba hata kwa mvamizi mwenye mahali ana wajibu wa ubinadamu, na wajibu huo hupimwa kwa anachokijua na kwa uwezo alionao. Alijua? Aliweza? Maswali mawili tu. La kwanza ndilo onyo la Hanafi, la pili ndiyo ile kauli dhaifu ya Nawawi, ya mwenye kuweza kuutengeneza asiutengeneze. London ilichukua njia ndefu kufika pale. Bunge lao lililitia katika sheria mwaka 1984. Kenya nayo ina sheria yake ya wajibu wa mwenye kukalia mahali, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa Waingereza wa 1957. Sisi tulibaki na ile ya 1897 na hekima ya hakimu.

Mwaka huo huo wa 1984, katika masika, ukuta wa gofu letu ulianguka saa tisa za usiku. Uliangukia uchochoroni, haukumpata mtu. Watoto wa madrasa walikuwa wapite hapo saa tatu na nusu baadaye.

Mwaka uliofuata, 1985, iliundwa mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe, na kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu palikuwa na mlango mmoja wa kubisha. Nasema hivyo kwa shukrani. Nyumba zilihesabiwa, zikapigwa picha, zikaandikwa hali zake; nyingine ziliuzwa kwa watu walioahidi kuzitengeneza; waashi wa chokaa waliokuwa wamebaki wachache walitafutwa wakafundishe vijana. Baba alikuwa mmoja wao. Aliwakataza saruji kwa hasira niliyokuwa sijawahi kumwona nayo nyumbani. Saruji ni ganda, alikuwa akiwaambia: inauzuia ukuta kupumua, maji yakabaki ndani, na ukuta wa saruji unaonekana mzima mpaka asubuhi unapolala chini. Mwaka 2000 mji ukaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Baba alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Lakini cheo hakizibi ufa. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lenye nguzo za chuma na roshani zilizolizunguka, jumba lililonusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896 wakati jirani zake walipogeuka vifusi, lilidondosha kipande cha roshani mwaka 2012. Likafungwa. Fedha za kulikarabati zilitafutwa, Oman ikasaidia, kazi ikaanza. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ikiendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa ukaporomoka. Watu wawili walikufa.

Nilikwenda Forodhani, mbele ya jumba lile, siku ya pili yake. Bahari ilikuwa shwari. Watu wamesimama kimya kwenye bustani, wakitazama mahali ambapo tangu kuzaliwa kwao palikuwa na saa. Karibu yangu mzee mmoja aliuliza, bila kumwelekea mtu, waliokufa ni watoto wa nani. Ndilo swali lililokuwa na haki ya kuulizwa kwanza. La pili niliondoka nalo: kutoka roshani ya 2012 hadi siku ile ni miaka minane, na safari hii ukuta ulikuwa na mwenyewe anayejulikana, uwezo ulitafutwa ukapatikana, na bado wakati ulishinda mbio. Kwa hiyo onyo peke yake halitoshi, na mlango peke yake hautoshi. Kifungu cha Majalla kina neno dogo ambalo mtu hulipita haraka: ukapita muda ambao angeweza kuuvunja. Muda huo unahesabiwa na nani, wakati maji yamo ndani ya ukuta yanahesabu ya kwake?

Sasa niseme la nyumbani, kwa sababu mwenye kuuliza ukuta ni wa nani lazima aulizwe na yeye. Nyumba ninayokaa leo, ya upande wa mama, ina warithi 14. Wanne tuko Unguja, watano wako Muscat na Dubai, wawili Dar es Salaam, wawili Uingereza, mmoja Toronto. Ina ghorofa mbili, baraza nzuri, na mlizamu wa mbao uliotokeza juu ya njia wanayopita watoto kwenda skuli. Miaka miwili iliyopita niliona ufa chini ya mlizamu ule. Nikaupiga picha nikauweka katika kundi letu la WhatsApp. Zikaja dua nyingi, na dua nazithamini. Zikaja fedha za watu wawili. Kwa fedha hizo na kiinua mgongo changu niliung'oa mlizamu kabla ya masika, fundi akaweka wa bati unaoshuka na ukuta mpaka chini, usiotokeza popote. Nawawi angeridhika na mlizamu. Ufa ulibaki.

Nilimwita kaka yangu. Hakuwa mwashi; mguu haukumruhusu kupanda jukwaa la ujenzi, alikuwa mshoni. Lakini mkono wake umefanana na wa baba mpaka kucha. Nikachanganya chokaa niliyoiloweka miezi miwili, nikaibandika juu ya ufa, na yeye akaandika tarehe kwa msumari, akiwa amesimama juu ya kiti huku nimemshika kiuno. Alipomaliza alishuka polepole, akarudi nyuma hatua tatu kama alivyokuwa akifanya baba, akafumba jicho moja.

Masika ya mwaka huu yamekwisha. Wiki iliyopita tulikwenda kumtazama shahidi, tukamkuta ana mstari mwembamba kama unywele, kutoka juu mpaka chini. Nimefunga kamba kwenye baraza ili mtu asikae, na fundi amekwisha kuweka nguzo za kushikilia kwa ndani. Kisha nikaandika barua 13, kwa mkono, kila mrithi ya kwake. Nimeeleza ufa ulipo, urefu wake, tarehe ya shahidi na siku aliyopasuka, kiasi ambacho fundi anataka, na kwamba kuanzia siku atakapoisoma barua atakuwa amejua. Sheha ametia sahihi kuwa shahidi, na fundi naye ametia sahihi. Kumi na mbili nina hakika zimefika. Nimepiga simu kwa kila mmoja. Ile ya Toronto imerudi jana, imegongwa muhuri kwamba aliyeandikiwa amehama. Mchana huu nakwenda kwa shangazi yake Kikwajuni, nimesikia ana namba yake mpya.